Maji ya Mvua ya Samaki wa Mkwe

Shoga, kitendawili: povu kichwani, mkwe mlangoni. Usijisumbue kutegua, ni mimi.

Maji ya kisima chetu unayajua yalivyo magumu, sabuni haitoi povu hata uibembeleze. Nikaona ndoo ya maji ya mvua uani, nikaoshea nywele.

Kumbe ndiyo ya mwisho. Mkwe huyachanganya na ya kisima kwenye tangi la samaki. Ya kisima peke yake hugandisha chokaa kwenye mimea ya humo tangini, ikafa.

Akaikumbatia ndoo kama mtoto mchanga. "Mama, nusu iliyobaki ni ya samaki. Wewe suuza na ya kisima."

Mimi, mkwewe, nimewekwa nyuma ya samaki.

Nimesuuza, sabuni ikagandia nyweleni. Samaki wako raha mustarehe. Mimi kitana kimenasa kichwani, nakuandikia kwa mkono mmoja. Njoo na mafuta, ucheke ukishakinasua.