Kengele ya Begi la Rukiyo

Timiro uko? Walahi, sikia haya.

Ayeyo, bibi yetu, amelipasua begi la dada Rukiyo kwa kisu cha nyama! Lile jipya la kupandia Mlima Kenya. Rukiyo alishapanga kila kitu, hema, blanketi, jiko la gesi, akalibeba mgongoni ajaribu uzito.

Kengele ikalia. Kengele ya ngamia, ya mbao. Aliifunga kwa begi eti wenzake wasimpoteze porini.

Ayeyo akamrukia. "Toa hiyo! Watasikia! Watasikia!" Kisu kikapita karibu na shavu la Rukiyo, Timiro!

Rukiyo akapiga kelele, "Ayeyo, nani atasikia?"

Ndipo Ayeyo akasema. Miaka yote hajawahi kusema.

Wakati wa vita vya Shifta, miaka ya sitini, Ayeyo akiwa msichana, familia yao ilitoroka kijiji cha Eldas kabla jeshi la serikali halijawafungia kambini. Mama yake alipakia nyumba nzima juu ya ngamia, mikeka na miti yake. Kengele ya ngamia wa mbele angeijaza nyasi inyamaze, lakini wale wengine hufuata mlio huo, wangetawanyika. Akaiacha.

Wanajeshi hawakuuliza kitu. Waliupiga risasi ule mlio. Ngamia akaanguka na nyumba mgongoni, akirusharusha shingo, na kengele ikazidi kulia. Mama yake akaikumbatia kwa mikono miwili inyamaze. Risasi zikapita viganjani mpaka kifuani.

Begi limeisha kabisa. Lakini kengele, Timiro, Ayeyo ameikumbatia kwa mikono miwili mpaka sasa. Tunambembeleza aiachilie. Anatuuliza tu, kwa sauti ya chini, kama wameshapita.