Shuka la Viraka Linamchosha Mama

Mpendwa Bi Maftaha, shikamoo. Naitwa Yustina, msomaji wako wa Somanga, na nimekuja kwako na jambo ambalo mwanzo utaliona dogo, ni habari ya kuchagua vitambaa na rangi, lakini nakuomba unisome hadi mwisho kwa sababu limenikosesha raha nyumbani kwangu na sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa barabarani, bluu na nyeupe mwaka mzima, kwa hiyo kushona najua ila kupanga rangi sijui. Mwaka jana nilimteremsha mama yangu, Apolonia, kutoka milimani Kipatimu nikakaa naye, maana ana maradhi ya kusahau ya uzeeni, alikuwa akienda kisimani anapotea kwenye njia aliyoipita tangu usichana wake, na daktari alisema hayana dawa ya kuyaondoa, tumtunze tu. Mimi hanijui. Ananiita dada, siku nyingine ananiita mke wa mjumbe, nikimpa chakula ananishukuru kama mgeni aliyepita njia, halafu anauliza lini atarudishwa kwao, nami natoka nje nalia kisha narudi.

Basi sista mmoja wa kanisani akaniambia wagonjwa wa namna hii hutulizwa na vitu walivyovizoea, nikaona nimshonee shuka la kujifunika la viraka, kwa kuwa siku hizi anasikia baridi hata jua likiwaka, nitumie nguo za maisha yake, na katikati nikaweka blanketi kuukuu ili liwe zito kidogo. Nikawapigia simu ndugu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kila mtu akaleta chake, mmoja sare ya kwaya yenye misalaba ya manjano, mwingine kanga za Pasaka za maua, za miaka tofauti, mwingine kitenge cha ndege, shangazi akaja na cha mistari, mdogo wangu Monika aliyeko Lindi akaleta satini ya zambarau ya harusi yake inayong'aa kama bati jipya, na mimi nikaweka kipande cha kitenge chekundu chenye madoa meusi, kile tulichovaa sare siku ya kumzika kaka yetu, Severini. Sikumwacha mtu. Nilipolitandaza, jirani yangu Hamida anayekaanga samaki hapo mbele akaja kulitazama, akasema hata yeye aliye mzima linamtia kizunguzungu.

Mama hatulii nalo hata kidogo. Anayachuma yale maua kwa vidole kutwa nzima na kuyarundika pembeni, ndege anawafukuza, madoa meusi anasema ni macho ya watu, na ikifika jioni analalamika kwamba kazi aliyopewa haiishi. Nikisema nilipunguze, Monika anasema nikitoa kipande chake atajua nimemtoa na yeye kwa mama, nikikiacha ndicho kinachong'aa kuliko vyote, na shangazi naye nimesikia ameanza kunisema.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu, hata padri kwenye maungamo. Siku moja mama aliuliza Severini yuko wapi, nami bila kufikiri nikamwonyesha kile kipande chekundu, nikamwambia ndicho tulichovaa siku tuliyomzika. Alipiga yowe, Bi Maftaha, kwake ilikuwa ndiyo kwanza anasikia. Akasema, "Wamemzika bila kuniita?" naye alikuwepo, ndiye aliyetangulia kutupa udongo. Kisha akanishika mkono, akanivuta kifuani, akasema, "Mwanangu, tumebaki sisi." Tangu nimlete Somanga hakuwahi kuniita mwanangu. Kesho yake alikuwa amesahau yote, mimi ni dada tena, na mimi nikamwonyesha kile kipande tena. Nimefanya hivyo siku nyingine pia, nikijua ninachokifanya, kila mara analia upya na kila mara ananiita mwanangu. Naomba unishauri nitoe vitambaa gani na nibakize rangi gani ili shuka litulie. Na kile chekundu, je, naweza kukibakiza?

Yustina, Somanga

*

Yustina, marahaba. Pole sana. Kumuuguza mzazi asiyekujua ni kazi ambayo wanaokusema hawajaifanya. Nitaanza na rangi kwa kuwa ndizo ulizoziuliza, na kwa kuwa huko walau kuna dawa.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Uliogopa kumuudhi shangazi, ukaogopa kumuudhi Monika, matokeo yake umeshona kikao cha ukoo mzima ukamfunika nacho mgonjwa. Sista alikuambia vitu alivyovizoea, hakukuambia vyote kwa mpigo. Hata mama yako akiwa na akili zake timamu, nguo hizo alizivaa moja moja, tena kwa miaka.

Litundike shuka kwenye kamba ya nguo, rudi nyuma mpaka barabarani, fumba macho nusu ulitazame. Kitambaa kitakachokurukia kwanza ndicho cha kufumua. Kisha rudia tena. Nakuhakikishia satini itatangulia, na misalaba ya manjano itafuata. Usisimame mpaka uone hakuna kinachokuita kuliko mwenzake. Katika vyenye maua bakiza viwili, vitatu vikizidi, tena vile vya maua madogo. Chagua rangi moja iwe mwenye nyumba na nyingine ziwe wageni. Kama kuna kanga ya bluu iliyopauka kwa kufuliwa, basi mwenye nyumba ni bluu. Mahali pengine pote weka kitambaa kitupu kisicho na ua wala mstari. Usiniambie huna, fundi wa sare za shule mwenye mabaki meupe chini ya cherehani. Yafue mara kadhaa kwanza yalainike.

Kipande chenye maua kisiguse chenye maua mwenzake, kati yao pitisha kitupu. Kitenge ukipendacho lakini kinawaka, kigeuze, upande wa nyuma mara nyingi rangi yake imefifia na unamtosha mgonjwa. Kanga usiikate katikati ya maandishi, mtu akikuta nusu ya neno hubaki analitafuta lililobaki. Na kule juu, mikono yake inapolala, kuwe kweupe kabisa, maua yote yashuke miguuni. Mikono iliyolima maisha yake yote haiwezi kuona ua ikaliacha. Mchana mpe ungo wa choroko achambue, hiyo ni kazi inayoisha, na akimaliza msifu.

Kuhusu Monika, satini yake ishone foronya nzuri, mpe aende nayo Lindi akalalie mwenyewe. Akikuambia umemtoa kwa mama, mjibu kwamba nafasi yake iko wazi, aje Somanga wiki moja amwogeshe mama, amlishe, amfulie mashuka, na akimaliza hapo ndipo achague rangi. Shangazi mwambie hivyo hivyo, ila kwa adabu.

Sasa kile chekundu. Hapana, Yustina, hukibakizi.

Ulichokifanya ni kibaya na wewe unajua, ndiyo maana ulikificha hata kwa padri. Severini amekufa mara moja tu. Mama yako amefiwa naye mara ngapi tangu ushone hilo shuka? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe umekuwa ukimpa uchungu huo mpya kila ulipotaka kusikia neno moja. Sikudhanii ukatili. Nakuona una njaa ya mama yako naye yuko hapo hapo mbele yako, na njaa hiyo ni mbaya kuliko ya mtu ambaye mama yake amezikwa. Lakini mwenye njaa akiiba, wizi haubadiliki kuwa chakula chake, na wewe unamwibia mgonjwa asiyeweza hata kukumbuka kwamba ameibiwa.

Akiuliza tena Severini yuko wapi, mwambie yuko shamba, atachelewa kurudi. Kisha muulize Severini alikuwa mtoto wa namna gani, umwache aseme. Ukiona huo ni uongo, nenda ukautubu pamoja na hili lingine, utaona mwenyewe upi padri atautilia uzito. Na uende kweli, mzigo huo usiubebe peke yako. Tena mwombe Hamida akae na mama walau saa mbili kila wiki wewe utoke, hata kama ni kwenda kukaa tu kwa mtu. Aliyeweza kukuambia ukweli kuhusu shuka hatakukatalia hilo.

Kitenge hicho kikunje, kiweke kwenye sanduku lako wewe. Kaka alikuwa wako pia, na huenda hujapata nafasi ya kumlilia kwa sababu kila siku unamliza mwingine.

Neno la mwanangu huenda usilisikie tena, sitakudanganya. Ulipozaliwa, yeye alikujua na wewe hukumjua. Akakubeba hivyo hivyo, akakulisha hivyo hivyo, wala hakukuliza ili umtambue. Sasa zamu ni yako. Chukua mkasi leo akiwa amelala, kifumue kile chekundu, hapo kilipokuwa weka kitambaa cheupe kitupu, kisha umfunike mama yako kabla hajaamka.

Bi Maftaha