Treni Niliyoiandika Tupu

Kibera, Alhamisi, Mei 1998

Barua ya maombi kwa wizara nimeiandika mimi, kwa kuwa Mama Rispa, mwenyekiti wa kamati yetu ya wakazi, anaamini karani mstaafu wa reli ndiye anayejua kuongea nayo. Tunaiomba serikali pesa za kurudisha treni ya abiria ya kwenda kwetu magharibi.

Hajui aliyeiua treni hiyo ni mimi. Mkubwa wangu alitaka ripoti kwamba mabehewa yanakwenda matupu. Nikaiandika, ingawa watu walikuwa wamesimama hadi mlangoni. Wizara ingali nayo. Itatunyima kwa maneno yangu mwenyewe.

Leo jioni tulikuwa tunavuka reli Sarang'ombe. Akina mama wanaouza kwenye reli wakaanza kuondoa nyanya na dagaa wao wa omena, bila haraka, kama kawaida yao. Mama Rispa akanivuta.

"Toka, Mzee! Unataka tukuzike kabla wizara haijajibu?"

Sikusikia honi. Sikuona kitu, ila leso zao zikipepea. Kisha wakarudisha nyanya.

"Kumepita nini?" nikamuuliza.

"Ai, Mzee! Si treni ya watu wa kazi? Imejaa hadi mlangoni. Na vile walikuwa wanakuangalia, ungedhani una deni lao."

Macho yangu ni mazima. Naandika haya bila miwani.

Usiku huu nimeifungua bahasha ya barua. Chini ya majina ya waombaji nimeandika kwamba ripoti ile ilikuwa uongo, nami ndiye niliyeitunga. Nimetia sahihi. Mama Rispa ataichukua asubuhi, hata kama sitaamka.

Nilipoweka kalamu chini, vikombe vikatetemeka mezani. Safari hii honi nimeisikia.