Mvua ya Mawe na Paka Wetu Asiyeshtuka

Jumamosi, Desemba. Mwankoko.

Jioni hii kuna baridi tusiyoizoea. Nyuma ya tangi la maji bado kuna kirundo cha mawe ya mvua kilichokataa kuyeyuka, nami nimevaa sweta la mume wangu huku naandika kwenye simu. Nimechoka, lakini moyo umenijaa fahari. Natamani kupita nyumba hadi nyumba nikisimulia. Kwa kuwa majirani wataniona nimechanganyikiwa, naandika hapa.

Tuna paka wawili. Chui, mwenye madoadoa, anaogopa kila kitu. Kifuniko cha sufuria kikidondoka, yuko juu ya kabati. Nikiwasha brenda, hatumwoni tena mpaka anaposikia harufu ya dagaa. Hata cherehani, ambayo ndiyo kazi yangu ya kila siku, bado inamkimbiza. Pamba, mweupe mwili mzima, hashtuki kamwe. Analala chini ya cherehani hiyohiyo nami nakanyaga. Tulikuwa tunamsifia kwa wageni kwamba ni jasiri.

Mama yangu, aliyekuja kutoka Sepuka kukaa nasi kidogo, hakukubali. Alisema huyo si jasiri, ni mkaidi, maana anaitwa na haji. Akapanga kurudi naye kijijini, akalale ghalani na panya, labda atashika adabu.

Aliyeujua ukweli ni binti yangu, Rehema.

Rehema ana miaka kumi na mmoja. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, akapona, lakini hakusikia tena. Anasoma shule ya bweni ya watoto viziwi, kwa hiyo tunakuwa naye wakati wa likizo tu. Mimi naye tunaongea kwa lugha ya alama. Mikono yangu bado mizito, nakiri, na yeye ananivumilia. Mama hajui alama hata moja. Akitaka kumwambia mjukuu wake kitu, ananiambia mimi, nami namfikishia.

Mwanzoni mwa wiki Rehema alinishika mkono akaniambia kwamba Pamba hasikii. Nilimkatalia. Nikamwambia paka wengine wana kiburi tu. Hakubishana. Alinipa sufuria na mwiko, akanisimamisha nyuma ya benchi alipolala Pamba, akaniashiria nipige.

Nikapiga kwa nguvu zote. Chui alitoka chumba cha pili kama mshale, akaruka dirishani. Mama aliuliza kutoka uani kuna nini. Pamba hakutikisa hata sikio.

Kisha Rehema akaligusa benchi kwa kidole, polepole, mara moja tu. Pamba akafumbua macho papo hapo.

Nilikaa chini na sufuria yangu. Rehema alinitazama akasema kwa mikono, "Kama mimi."

Hakusema kwa huzuni. Alikuwa kama mtu aliyempata ndugu yake. Tangu siku ile alianza kumfundisha Pamba alama ya kuitwa: anafumba ngumi na kuifumbua, kisha anampa dagaa. Mimi niliona ni mchezo wa likizo.

Leo mchana wingu lilikuja jeusi kutoka upande wa ziwani, na mvua ya mawe ikashuka. Nyumba yetu haina dari, ni bati tupu. Kelele ile siwezi kuielezea. Chui alijichimbia kitandani chini ya mablanketi, akawa anatetemeka mpaka blanketi la juu likawa linacheza. Mama alikuwa akiniambia kitu, naona midomo inakwenda, sisikii neno. Nami nikajibu, hakusikia.

Mtu pekee aliyekuwa mtulivu ni Rehema. Aliweka kiganja chake ukutani, akawa anaisikiliza mvua kwa mkono. Kisha akaniuliza kwa alama Pamba yuko wapi, nami nikamwelewa pale pale, katikati ya makelele yale. Mama alitutazama. Nadhani ndipo alipoona kwamba mle ndani waliokuwa wakizungumza ni sisi wawili tu.

Pamba alikuwa nje.

Mvua ilipokatika tulifungua mlango. Ua wote ulikuwa mweupe. Tulitafuta kwa macho, na paka mweupe kwenye mawe meupe haonekani upesi. Mama ndiye aliyemwona, chini ya ukuta wa jiko letu la zamani, lile la matofali mabichi. Alikuwa ananusa barafu. Anainua mguu mmoja, anaukung'uta, anaweka chini, anainua mwingine, amekasirika kabisa. Tulitaka kucheka.

Ndipo nikasikia ukuta unalia. Ulikuwa umelowa hadi chini, na vipande vya tofali vilikuwa vinaanguka kimoja kimoja nyuma ya Pamba. Paka yeyote angekimbia. Mama alimwita kwa sauti, nami nikamwita, mpaka koo likakauka. Alikuwa anaramba mguu.

Rehema hakusikia ukuta, lakini aliona vipande vikianguka. Alitaka kwenda, nikamshika mkono kwa nguvu. Aliniambia kwa mkono mmoja uliobaki, "Sifiki karibu. Anione tu."

Nikamwachia. Hilo ndilo jambo gumu nililolifanya leo.

Alichomoa khanga nyekundu kwenye kamba, akasimama mbali na ukuta, akaipepea. Pamba akageuza kichwa. Rehema akainua mkono, akafumba ngumi, akaifumbua.

Paka akaja. Hakukimbia, maana baridi ilimchoma, lakini alikuja moja kwa moja, akiruka ruka juu ya mawe mpaka miguuni kwake. Hatukuwa tumemaliza kumfuta maji ukuta ulipolala chini wote.

 Habari ya ghala la Sepuka haijatajwa tena. Baadaye Mama alimsogelea Rehema, akanyoosha vidole vyake vilivyokakamaa kwa jembe, akafumba ngumi na kuifumbua, akimtazama mjukuu wake usoni kama mwanafunzi anayesubiri alama ya vema. Rehema alimrekebisha kidole gumba.

Sasa hivi, wakati naandika, Mama amekuja kukaa karibu yangu. Anasema kila asubuhi mtoto yule humwinamia kumwamkia, na miaka yote hii yeye amekuwa akimjibu kwa mdomo.

"Marahaba wanaisemaje kwa mikono?" ameniuliza.

Sijui. Kesho akiamka Rehema, tutamwuliza wote wawili.