Chakula Kilichonisubiri Koboko

Dada Rehema, shikamoo. Mvua inapiga mabati huku Koboko, nami nimeshiba.

Mama Zaituni, jirani yangu, alinialika chakula cha mchana. Binti zake wakaniuliza maana ya neno "get" la Kiingereza. Nikawaambia ni kupata, kufika, kuelewa, kupanda basi, hata kuzeeka. Ualimu ukanipanda kichwani, nikaendelea tu. Sinia limefunikwa kawa, wao wananitazama. Mwishowe mama akasema, "Mwalimu, kwetu mgeni ndiye anafunua chakula. Watoto iko na njaa."

Maskini! Nilifunua mbio, tukacheka mpaka machozi.

Ule upweke niliokulalamikia, usahau. Mungu awalinde nyote. Mwambie mama yetu kuna nyumba huku ambamo chakula hupoa kikinisubiri mimi.

Mdogo wako, Salim