Boya la Chungwa Liko Mlangoni

Boram, mjukuu wangu,

Supu ya mwani iko kwenye sufuria, ipashe moto. Mlango wa bafu usiuvute kwa nguvu. Ulivyoubamiza, kitasa kimelegea.

Najua umeninunia. Asubuhi ulishuka ufukweni na mtungi wa hewa mgongoni, tochi mbili, kisu na kamera, vyote vinaning'inia kwa vikamba, nami nikakuuliza mbele ya wazamiaji wenzangu, "Mwenzetu, unakwenda kuzamia au kutembeza bidhaa?" Wakaangua kicheko. Ukarudi nyumbani unalia.

~~Rudisha vyote dukani.~~ Mapezi ya miguuni na ile miwani ya kuzamia baki navyo, vimekukaa vizuri. Miwani isugue kwanza ndani kwa dawa ya meno, ndipo upake majani ya pakanga kama sisi. Kioo kipya kina mafuta ya kiwandani, utaona ukungu mtupu.

Hivyo vingine viache mpaka uizoee bahari. Dada yangu Sunok alinaswa chini na kamba ya wavu wake mwenyewe wa kukusanyia konokono. Nilimfikia, lakini nilikuwa nimechelewa. Leo nilipoviona vile vikamba vyako nilimwona yeye, nikakimbilia mzaha.

Boya langu la rangi ya chungwa liko mlangoni. Mimi nimechukua lile kuukuu. Kamba ya hilo la mlangoni ishike mkononi tu, usijifunge, uweze kuiachia.

Kule chini halitakusaidia kitu. Ni la kunisaidia mimi huku juu, nijue ulipo.

Bibi yako