Daraja la Kwanza, au la Pili na Bibi

Jumatatu, 6 Oktoba 1958

Nimekata kiazi tena kwa kisu na uma. Mara ya tatu leo. Kimeruka mara moja tu, kikamwangukia paka. Maendeleo. Jumamosi nitakula kwenye treni kama bwana mkubwa, daraja la kwanza. Mimi Saidi, niliyeacha shule darasa la sita kwa hiari yangu na ya mwalimu.

Mjomba Omari, karani wa reli kule Mombasa, anamwoza binti yake. Kaniletea waranti ya reli, ya kusafiri bure: mtu mmoja daraja la kwanza, au watu wawili la pili. Nichague mwenyewe. Sasa hapo kuna la kufikiri? Mtaa wetu wa Bondeni mzima hakuna aliyewahi kulala daraja la kwanza, labda aliyekuwa akilifagia. Na jina lako wanalibandika dirishani, kwenye kadi. Kila apitaye asome.

Nimewaambia wote, mpaka wa stesheni. Kwa kinyozi nimesema mara mbili, maana Kassim, kinyozi mwenyewe, alikuwa akisinzia ile ya kwanza.

Jumanne, 7 Oktoba

Kassim anasema watanishusha Gilgil nikimbize treni kwa miguu. Nikamwambia, "Kaa na wembe wako. Nitakupungia mkono kupitia kioo." Yeye na wateja wake wameapa kuja stesheni kuhakikisha. Waje. Wavae viatu.

Bibi kafua buibui lake jema. Nimemuuliza la nini. "La kukusindikiza stesheni, baba." Kutoka hapa mpaka stesheni?

Bibi ndiye mzaa baba, ndiye aliyenilea. Mjomba si damu yake, kwa hiyo harusi haimhusu. Ila dada yake, Bi Mwanakombo, yuko Mombasa. Hawajaonana tangu baba yangu akiwa mtoto wa mgongoni. Daraja la tatu hawezi. Mwaka juzi alikwenda Nairobi kwenye benchi la mbao, magoti yakamlaza wiki nzima.

Si kosa langu.

Jumatano, 8 Oktoba

Salamu. Bibi ananikaririsha za kumpelekea dada yake, kama chuo cha Kurani, bakora tu haipo. Ya kwanza ya meno. Ya pili ya kuku. Mpaka ya sita nimezishika zote, kichwa hiki si cha mchezo.

Ya saba: "Mwambie ndoo ilipotumbukia kisimani, nilijua ni yeye aliyeisukuma. Nikapigwa mimi. Sikukasirika. Mwambie hivyo, kisha ucheke kidogo."

Nicheke vipi? Akacheka, kunionyesha. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Msichana kabisa. Nikajaribu. Kasema hicho ni kikohozi.

Nimejaribu tena huko chooni, peke yangu. Kikohozi.

Nimekasirika, sijui na nani. Leo kiazi nimekiacha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbaya. Orodha ya vitanda vya treni inafungwa saa sita mchana. Kazini nimeshona suruali, mguu mmoja mfupi. Mzee Juma, fundi wangu, kauliza kama mteja anaishi mlimani, amesimama upande. Saa tano nikaacha cherehani, nikakimbia. Sikuaga.

Karani wa stesheni akaangalia viatu vyangu kwanza. Kawaida yake. Nikasema la pili, watu wawili. Akasema, "Jumatatu ulitangaza la kwanza, wapagazi wote wakasikia." Nikasema nimebadili.

Kumbe la pili wanaume chumba chao, wanawake chao. Na cha wanawake kimebaki kitanda kimoja. Cha juu. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, bibi yangu akipanda huko hateremki mpaka Zanzibar." Hakucheka. Lakini akapekua, akafuta, akahamisha mtu kwa kalamu. Cha chini. Akauliza jina la abiria. Nikalitaja lote.

Nje nikajiona mwema. Na mjinga. Mjinga zaidi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwambia Bibi. Hakusema asante. Kasema sambusa za safari hazitatosha, akarudi jikoni.

Kassim hajui. Leo nimepita njia ya nyuma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumepita Gilgil. Sikushushwa.

Walikuja kweli. Wamejipanga mbele ya behewa la daraja la kwanza, Kassim mbele yao, kanzu imepigwa pasi. Mimi kule nyuma na kikapu cha sambusa kichwani. Ilibidi niwapigie mluzi. Aibu ya mwaka.

Kassim alifika akitabasamu mpaka magego. Alishafungua mdomo. Bibi akamuwahi.

"Kassim, wewe unajua kusoma. Pale dirishani pameandikwaje?"

"Bi Mwanaisha binti Salim."

"Tena."

Akasoma tena. Bibi akashika kioo. "Salim. Baba yangu yumo dirishani." Kisha akamwambia asome kwa sauti, wa nyuma wasikie. Kassim kasoma mara nne, mpaka treni ikaondoka. Alisahau kabisa kunicheka.

Atakumbuka nikirudi.

Chumbani mwangu tuko wanne. Mmoja anauza maua ya pareto, wawili wanalala. Kutoka chumba cha wanawake nasikia sambusa zikigawiwa, na sauti ya Bibi juu ya zote.

Jumapili, 12 Oktoba

Mombasa. Joto. Nimekaa uani kwa Bi Mwanakombo.

Wameshikana mlangoni muda mrefu. Sasa wako ndani. Salamu sita nimezitoa mimi, bila kosa hata moja. Ya saba Bibi kaipeleka mwenyewe. Nimesikia kicheko kile. Kisha cha pili, kinafanana nacho.

Kadi yake aliibandua, kaiweka ndani ya juzuu yake ya Kurani. Yangu nimeiacha dirishani.

Nimeletewa viazi vya nazi. Nimekula kwa mkono.